Nani Aandikwe Chini ya Keshokutwa?

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana leo nataka hukumu, sitaki makofi.

Tanga, mtaa wa Ngamiani, walikuwapo marafiki watatu. Mwanakheri alikuwa mchora hina. Mkono wake ukianza kupinda mstari, hauinuki mpaka mstari uishe. Chambuso alikuwa fundi wa mageti, na chuma kilimtii. Hemedi alikuwa na duka la kompyuta, na jicho la kuona kasoro ambayo wenzake hawaioni.

Mwanakheri alianza kwa kuchora alfabeti nzima kwa mikunjo ya hina. Ilipendeza, ila ilifaa mikononi mwa bibi harusi tu.

Chambuso akajaribu kuzikata herufi hizo kwenye bamba la chuma. Ukiikata O, tumbo lake hudondoka na kubaki tundu tupu. Basi akaacha vidaraja vyembamba vya kushikilia matumbo, na vidaraja hivyo vikazipa herufi sura ngeni, kama za mji ambao bado haujajengwa. Wakaziita Keshokutwa.

Lakini chuma hakivaliwi. Hemedi akaziingiza kwenye kompyuta, akapima nafasi ya kila herufi na jirani yake, hata mtu yeyote akaweza kuzichapa. Mji ukazipapia: jezi, mabango ya harusi, milango ya vinyozi. Kuandikia barua hazifai, zinachosha macho. Ziweke kubwa juu ya mlango, uone watu wanavyosimama.

Watatu hao walikula yamini kwamba hatatajwa mmoja pasipo wenzake.

Likajengwa jumba la sayansi la watoto. Wenye jumba walitaka geti la herufi za Keshokutwa, na chini yake jina moja tu la mbunifu, ili watoto wamjue. Wakamuuliza Hemedi. Akasema, ni mimi. Kazi ya kukata akapewa Chambuso.

Siku ya uzinduzi pazia likashushwa, Mwanakheri akasoma: HEMEDI. Alilia mbele za watu. Mimi nilikuwapo, na moyo uliniuma. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hemedi alijitetea kwamba bila yeye herufi zingefia Ngamiani. Chambuso akasema kazi ni kazi, alikata alichoagizwa.

"Hemedi kaninyang'anya," Mwanakheri akamwambia. "Lakini wewe, Chambuso, ulilikata jina lile herufi moja moja, na mchana ukaja kwangu ukala wali wangu."

Wenye jumba wakaona aibu, wakaamuru jina liondolewe, liwekwe linalostahili. Ila nafasi ni ile ile, ya jina moja. Wengine wanamtaka Mwanakheri, kwa kuwa hakuvunja yamini. Wengine wanauliza, uaminifu ndio ulioacha vidaraja? Ndio uliozifikisha herufi kwenye jezi? Na kuna wanaotaka pabaki patupu, watoto wasimjue yeyote, hata huyu aliyesalitiwa.

Chambuso ameshawasha mashine, anasubiri. Haya, mwamuzi ni wewe uliyekaa hapo: akate jina la nani?