Begi la Shemeji

Ndugu zangu, leo sikuja kuwabembeleza. Nisikilizeni.

Alikuwako mwindaji mmoja, mwenye kibali chake, aliyezoea kupanda mlimani kufuata nyati. Ni siku nne kwenda na nne kurudi. Huko hakuna duka wala nyumba, na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Kila kitu mnabeba mgongoni. Mwindaji huyu alijinunulia buti za ngozi nene, koti lisilopitisha maji, na mkoba wa bunduki ulioshonwa mara mbili. "Kitu kizuri unanunua mara moja," alikuwa akisema, na hapo hakukosea.

Lakini unga, hema, mablanketi na kiberiti vilibebwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyo alitafutiwa begi la mtumba, mikanda imeliwa na jua.

Shemeji akaligeuzageuza. "Shemeji, nyuzi zinaachia. Hili halifiki."

"Litafika. Funga kamba hapo."

"Basi ninunulie hata mkanda mpya, nitaushona mwenyewe."

"Kwani wewe unapiga risasi? Wewe ni wa kubeba tu. Twende!"

Wa kubeba tu! Mmelisikia neno hilo? Mimi linanichoma.

Siku ya tatu wakawa wanapita ukingoni mwa korongo, mvua inanyesha, njia inateleza. Mkanda ukakatika. Shemeji akaanguka, akashika mzizi, akapona. Begi likaenda chini, likagonga mwamba, likapotea.

"Umefanya nini wewe?" mwindaji akafoka. "Umetuua!"

Shemeji akainuka, magoti yanatoka damu. "Shemeji, ulisema mimi ni wa kubeba tu. Sasa sina cha kubeba. Niambie wewe, tutakula nini?"

Atamjibu nini? Watakula buti zake? Hata angeua nyati, angemchoma kwa moto gani? Mjinga yule alikuwa ameutundika uhai wake kwenye mkanda mbovu, kwa sababu tu mgongo haukuwa wake.

Naona mnatikisa vichwa. Tikiseni vizuri, maana mwindaji ni sisi.

Mwezi uliopita tulinunua viti vya sofa vya wachungaji, hivi hapa nyuma yangu. Nilivichagua mimi, nikavikalia, nikavisifu. Na mama anayewafundisha watoto wetu neno la Mungu yuko nyuma ya jengo hili, chini ya turubai lililochanika. Juzi alinifuata, nguo zimelowa, akaniambia, "Mchungaji, turubai linaachia." Mnajua nilimjibu nini?

"Funga kamba, mama."

Mimi! Mchungaji wenu! Na kesho ya kanisa hili yote iko mgongoni mwa mama yule. Watoto wakituponyoka, tutamfokea yeye?

Leo sikai. Na ibada hii haiendelei watoto wakiwa nje. Wazee wa kanisa, inukeni. Toeni viti hivi, mwende mkamwambie mama awalete watoto humu ndani.