Pumzi za Asali Tatu

Aimbaye peke yake hana pa kupumulia.

Jana mwenyekiti wa mtaa aliyatamka maneno hayo mbele yenu, akimnyooshea kidole Mwavita kwa sababu binti wa watu anataka kutoka kwenye kikundi chenu cha muziki akaimbe nyimbo zake mwenyewe. Mlicheka wote, na Mwavita akainamisha kichwa. Leo mmenijia hapa kibarazani, mnaniuliza, "Babu Shija, methali hiyo imetoka wapi?" Mimi shule niliishia darasa la nne, ya vitabuni siyajui. Lakini methali hii naijua tangu haijawa methali. Ilianza hivi, na ilianzia ndani ya nyumba yangu.

Zamani za kaseti, hapa hapa Tabora, walikuwepo wasichana watatu wakiimba pamoja, wakajiita Asali Tatu. Nyamizi alikuwa na sauti ya juu, nyembamba, inayopenya. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mke wangu. Kalunde aliimba katikati. Havijawa alikuwa na sauti nzito ya chini, ukimsikia bila kumwona ungedhani ni kijana wa kiume. Mimi nilikuwa fundi wao wa vipaza sauti. Nilibeba maspika, nikafunga nyaya, nikakaa pembeni ya jukwaa kuangalia mitambo. Kwa hiyo niliyoyaona niliyaona kwa karibu.

Havijawa alikuwa Mzaramo, baba yake dereva wa treni aliyehamishiwa huku. Nyamizi Mnyamwezi kama mimi. Ninyi wa siku hizi mambo haya mnayasikia juu juu, lakini sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mama mkwe wako na usinune. Hata msibani, wafiwa wanapolia, mtani ndiye anayesimama kuwachekesha, na hakuna wa kumnyamazisha. Mtu akinuna kwa neno la mtani, watu watamshangaa yeye.

Sasa jambo ambalo mji mzima haukulijua ni hili. Nyamizi alikuwa na pumu tangu utoto. Vumbi likipanda, au akipata hofu, kifua kilimlia kama kipenga. Havijawa ndiye aliyetafuta dawa ya jambo hilo. Walisimama jukwaani wameshikana vidole vidogo, Nyamizi katikati. Akiona pumzi inamwishia anabinya kidole, na Kalunde au Havijawa anaupokea mstari pale pale alipoufikisha, naye anavuta hewa. Akishavuta anarudi juu. Wewe msikilizaji hukusikia pengo. Ulisikia sauti moja ndefu isiyochoka, na watu wakampa Nyamizi jina la Mapafu ya Chuma. Wenzake walikuwa wakicheka kwa jina hilo mpaka wanashika mbavu.

"Mapafu ya Chuma!" Havijawa alikuwa akimtania. "Chuma gani hicho, mtani? Cha baiskeli ya mkopo?"

Miaka mitano waliimba hivyo. Miaka mitano Nyamizi hakuwahi kuimba wimbo mmoja peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, wala hakujua kama hajawahi. Pumzi za wenzake alizidhani zake.

Aliyekuwa akiwasimamia ni Bosi Fumbuka. Mnyamwezi mwenzangu, lakini wakubwa hawana kabila, kabila lao ni kiti. Alikuwa na chumba cha mazoezi karibu na reli. Siku moja alimwita Nyamizi peke yake, mimi nikiwa narekebisha waya kona ya chumba. Afisa mmoja wa utamaduni alikuwepo, amekaa na soda yake.

"Binti," Bosi akasema, "watu wanaoandikia redio wanauliza jina moja tu. Hao wengine wawili wa nini? Kuna tamasha kubwa Dodoma, na mgeni rasmi ameomba wimbo wa Kisima cha Shangazi. Anataka kuona hayo mapafu. Utasimama wewe na kipaza sauti chako, basi."

"Na kina Kalunde?"

"Nimeshawaambia wapumzike."

"Nitafikiri, Bosi."

"Fikiri hapa hapa. Kalamu hiyo."

Akasaini. Nisiwadanganye wajukuu zangu, alitaka. Tulikuwa tuna miezi minne ya ndoa, na jioni ile akaniambia, "Shija, mara moja tu nataka watu wanione mimi mzima. Nimechoka kuwa kipande cha kitu." Nilimwelewa. Nani hataki kuonekana mzima? Nikamwuliza habari ya kifua. Akasema nisithubutu kumwambia Bosi, kwa sababu mwimbaji mmoja wa bendi yake alikohoa mazoezini na wiki ile ile akaondolewa. Akaniapisha. Nikaapa.

Hofu ilianza siku ya mazoezi ya kwanza. Ubeti wa tatu wa Kisima cha Shangazi hauna kituo. Waliutunga makusudi hivyo, uende kama maji yanayomwagika, kwa kuwa walikuwa vifua vitatu. Nyamizi aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili mabega yakaanza kupanda. Wa tatu nikaona mishipa ya shingo imesimama na kile kidole chake kidogo kinabinya hewa. Kinabinya, kinatafuta, hakuna mtu. Nikasikia kipenga kifuani mwake kupitia spika, nami nikapunguza sauti haraka ili Bosi asisikie. Hata leo mkono huu nauchukia kwa jambo hilo.

Mara, kutoka nje barazani, sauti nzito ikaupokea mstari. Nyamizi akavuta hewa, akarudi juu, akamaliza.

Bosi akainuka. "Nani huyo anatuharibia mazoezi?"

Havijawa akachungulia mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua nguo zake za jukwaani. "Ni mimi mtani wako, Bosi. Nimeona mzigo umemzidi mpagazi, nikampokea."

Bosi akaanza kucheka. "Ninyi Wazaramo kwa kudandia! Ndani hamkualikwa, mnaimbia barazani kama njiwa."

"Na ninyi Wanyamwezi mapafu yenu mliyaacha njiani mkibeba pembe za ndovu." Kisha uso wake ukabadilika. "Bosi, sikia. Sasa sitanii. Aimbaye peke yake hana pa kupumulia. Wimbo huu ni wa vifua vitatu. Ukimpeleka huyu peke yake utamrudisha ndani ya sanduku."

Bosi akacheka mpaka machozi. "Sanduku! Afisa, umemsikia mtani wangu? Hana hata haya!"

"Wallahi sitanii, Bosi."

"Mtani akiapa ndiyo utani wenyewe huo."

Yule afisa naye akacheka, akasema maneno ya binti ni makali, iko siku atayatia kwenye hotuba. Havijawa akamtazama Nyamizi, kumwomba ruhusa ya kulisema lile lililofichwa. Nyamizi akatikisa kichwa, kidogo tu. Havijawa akanitazama mimi. Mimi nikainama kwenye nyaya zangu. Basi akachukua nguo zake akaondoka.

Tangu siku ile nyumba yetu iliingiwa na woga. Nyamizi alikuwa akifanya mazoezi jikoni, na mimi nahesabu kimoyomoyo atafika wapi. Alikuwa hafiki. Alikwenda kumwomba Bosi waukate ule ubeti wa tatu, akajibiwa kwamba mgeni rasmi anautaka wimbo kama ulivyo kwenye kaseti. Aliomba apande na wenzake japo mara hii ya mwisho, akajibiwa kwamba majina yameshaandikwa. Aliomba mimi nisafiri naye, akajibiwa kwamba Dodoma kuna mafundi. Kila mlango aligonga, na kila mlango ulikuwa na mtu amekaa ndani.

Siku ya kuondoka, stesheni, nilimwambia, "Teremka. Tuseme unaumwa."

"Nikisema naumwa leo, nitakuwa mgonjwa maisha yangu yote," akasema. "Wewe niombee upepo usivume tu." Mikono yake ilikuwa ya baridi, na jua lilikuwa kali.

Tamasha lilirushwa redioni moja kwa moja, saa kumi alasiri. Nilikwenda kwa Kalunde, kwa kuwa redio yake ilikuwa kubwa. Nikamkuta Havijawa ameshafika. Hawakunilaumu, wakanipa kigoda. Mtangazaji alikuwa akisema watu wamejaa, vumbi limetanda kiasi kwamba upande wa pili wa uwanja hauonekani, lakini shangwe ni kubwa. Aliposema vumbi, Kalunde akaziba mdomo kwa kanga.

Nyamizi akaanza. Ubeti wa kwanza. Watu wakapiga kelele. Ubeti wa pili, na mimi mwenye masikio ya vipaza sauti nilisikia tayari kile kipenga, chembamba, nyuma ya sauti. Havijawa alikuwa amekaa upande huu wa redio, Kalunde upande ule. Nikaona mikono yao imekwenda juu ya meza, imeishika redio kila mmoja upande wake.

Ubeti wa tatu ulipofika katikati, sauti ikaanza kukatika. Hapo Havijawa akapokea mstari. Aliimba kwa nguvu zote, ameinamia redio. Kalunde akaingia. Wakaimba wale wanawake wawili ndani ya kile chumba, machozi yanawatiririka, wakimshikia mwenzao mstari ili avute hewa, naye yuko Dodoma, hawasikii. Mimi nikawa napiga kelele, "Vuta! Vuta, Nyamizi, vuta!" Majirani wakaja mlangoni wakidhani tunapigana.

Kisha redioni kukawa kimya. Pakasikika kishindo cha kipaza sauti kuanguka. Sauti ile naijua, nimeisikia mara nyingi kazini. Watu wakaguna. Halafu wakaweka muziki wa matarumbeta.

Wawili wale waliendelea kuimba juu ya matarumbeta mpaka wakamaliza ubeti.

Aliletwa kwa treni, kwenye sanduku.

Mazishini wakubwa walikaa mbele, kwenye viti. Bosi Fumbuka alivaa miwani myeusi. Yule afisa akasoma karatasi, akasema marehemu alikuwa nyota, na kwamba hakuna aliyejua kama alikuwa na maradhi, hakumwambia mtu. Ni kweli, hakuwaambia. Mimi nilijua na sikuwaambia, na hilo nitaulizwa mimi. Lakini hawa walikuwa watu wa muziki. Mshahara wao ulikuwa wa kusikiliza. Mwanamke aliimba mbele yao anakata roho, wao wakasikia mapafu ya chuma.

Tulipomaliza kufukia, wazee wakasema watani wapewe nafasi yao. Havijawa akasimama. Watu wakaanza kujiweka sawa, wengine wameshatabasamu, kwa sababu walimjua kwa maneno yake. Walitaka kupumua kidogo. Akasimama pale kaburini akiutazama udongo mpya, hata wale waliotabasamu wakaacha.

Kisha akamgeukia Bosi.

"Mtani wangu, kuna utani nilikuambia ukacheka sana. Nataka kuurudia, maana leo ndiyo zamu yangu ya kuchekesha. Aimbaye peke yake hana pa kupumulia." Akangoja. "Cheka basi, Bosi. Mbona hucheki? Siku ile ulicheka mpaka ukatoa machozi."

Hakuna aliyecheka. Walisikika kunguru tu. Bosi akavua miwani, akaivaa tena, akaondoka kabla ya dua.

Watu waliotoka makaburini siku ile ndio walioichukua methali hii, wakaisambaza sokoni, stesheni, mashambani. Nayo ikaangukia mikononi mwa wakubwa, kama kila kitu. Sasa wanaitumia kama fimbo. Kijana akitaka kutoka kikundini, wanamchapa nayo akae chini. Yule mwenyekiti wenu jana hakujua ameshika maneno ya nani.

Havijawa hakumwambia Nyamizi maneno hayo. Asingeweza kumlaumu kwa kutaka kuonekana mzima. Alimwambia mtu aliyewafukuza wenzake Nyamizi kutoka pembeni yake, akamwacha mwenye pumu na ubeti usio na kituo, halafu akakaa kwenye kiti kusikiliza.

Nendeni mkamwambie Mwavita aende akaimbe. Ila kabla hajapanda jukwaa lolote amwulize huyo anayempeleka, "Nani atasimama karibu yangu?" Akiambiwa "nyota hahitaji mtu," ateremke, hata kama treni imeshapiga honi. Nanyi mnaobaki msimcheke, mwende mkasimame pale atakapoweza kuwasikia, kwa kuwa Kalunde na Havijawa waliimba mpaka wakapasuka sauti na yule waliyemwimbia hakusikia hata neno.

Aimbaye peke yake hana pa kupumulia.