Si Kila Ndege Ni Mwewe

Paukwa! Mbona mnaitikia kivivu, chakula cha nani kimewalevya? Paukwa! Pakawa! Naam, sasa mko hapa.

Hapo zamani za kale palikuwa na mfalme, jina lake Ngwali. Siku moja mgeni alimletea kapu la ulezi, naye mfalme mbele ya watu akausifu, "Mtama mzuri huu." Watu wakacheka. Mfalme akanuna siku tatu, kisha akapiga mbiu.

"Majina madogo yamenichosha. Mtama, ulezi na mpunga, vyote ni nafaka. Mume, mke na mtoto, wote ni watu. Mwewe, njiwa na kwelea, wote ni ndege. Atakayetaja jina dogo atafukuzwa nchi hii."

Sasa, katika shamba la mfalme kulikuwa na mwanamke aitwaye Bi Somoe. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya dungu na kuwafukuza ndege kwa kombeo wasile mtama. Chini yake Kanga alichakura na vifaranga wake tisa. Walikuwa na mapatano: Kanga anakula wadudu wa shambani, na Bi Somoe anamtajia kinachokuja angani. Akisema njiwa, vifaranga wanaendelea kula. Akisema mwewe, wanajificha.

Sheria ikaja. Akapita njiwa, Bi Somoe akasema, "Ndege." Vifaranga wakakimbia. Akapita mbayuwayu. "Ndege." Wakakimbia. Akapita kwelea. "Ndege." Wakakimbia, na kutwa nzima hawakuonja hata mchwa.

Kesho yake njaa iliwashinda, wakaacha kukimbia. Ndipo Bi Somoe akamwona mwewe. Akaikumbuka adhabu ya kufukuzwa.

"Ndege, Kanga. Ndege. Ndege."

Vifaranga waliendelea kuchakura. Mwewe akashuka, akaondoka na mmoja.

Kanga alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akajikung'uta vumbi. "Nakwenda kwa mfalme," alisema, "na sirudi bila majina yetu."

Siku ya kwanza bawabu alimfukuza kwa ufagio. Siku ya pili alipenya, akamweleza mfalme yaliyompata.

"Kwani mwewe si ndege?" mfalme akauliza.

"Ni ndege, bwana. Kila mwewe ni ndege, lakini si kila ndege ni mwewe. Jina kubwa ni kapu, majina madogo ndiyo yaliyomo. Wewe umetuachia kapu tupu."

Wasomi wa siku hizi wanaliita jambo hilo hiponimia. Kanga hakusoma, lakini alilijua kwa uchungu.

"Umebakiwa na wanane," mfalme akamwambia. "Nenda ukawalee."

Mimi ningerudi nyumbani. Kanga hakurudi.

Siku ya tatu, njiani, alimwona Bi Somoe amekaa kando ya kisima, analia kwa ajili ya yule kifaranga. Kanga hakusimama. Alikwenda moja kwa moja hadi barazani.

"Bwana, mtu analia kisimani."

"Mtu gani?"

"Mtu."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mtu, bwana."

"Mkubwa au mtoto? Sema, Kanga. Binti yangu ametoka kwenda kuteka maji."

"Neno uliloniachia ni hilo moja. Mtu."

Mfalme akatoka mbio, kilemba kikaanguka, hakugeuka kukiokota. Njia nzima alikuwa akiita, "Mwanahawa! Mwanahawa! Mwanahawa!" Nchi nzima ikamsikia.

Alimkuta binti yake mzima, amemshika mkono Bi Somoe, anambembeleza. Mfalme akakaa chini kwenye tope, pumzi zimemwishia.

Kanga akafika taratibu. "Bwana, Mwanahawa ni mtu. Mbona hukuita mtu?"

Mfalme aliona aibu, na safari hii hakuna aliyemcheka. Akamwagiza mpiga mbiu atangaze kwamba majina yote yamerudi, na Bi Somoe akapanda dungu lake.

Kisha mfalme akamgeukia Kanga.

"Yule kifaranga wako aliyechukuliwa," akauliza, "aliitwa nani?"

"Aliitwa Kidoti."

"Kidoti," mfalme akasema, akainamisha kichwa.

Hapo ndipo hadithi yangu inapotua mzigo wake.