Bibi Pimbi na Maneno ya Bure

Paukwa.
– Pakawa.
Masikio mmekuja nayo?
– Tumekuja nayo.
Yafungueni basi, na midomo muifunge, kasoro anayetaka kucheka. Huyo acheke polepole asiniharibie.

Hapo kale, lakini si kale sana maana simu zilikuwepo, aliishi Bibi Pimbi juu ya jabali. Mnamjua pimbi: mdogo, mnene, hana mkia wa kujivunia, na kutwa anaota jua. Bibi Pimbi jua alikuwa nalo. Majani alikuwa nayo. Asichokuwa nacho ni mjukuu wa kuota naye jua.

Binti yake, Sikudhani, aliolewa na pimbi wa kambi ya wageni, ng'ambo ya bonde. Pimbi wa huko hulala chini ya vibanda vya watalii, na Kiingereza wanakinyonya pamoja na maziwa. Sikudhani akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Wilfredi. Siku moja akamleta kwa bibi yake.

Bibi Pimbi akamwandalia majani machanga ya mkole, akamfungulia mikono, akamwambia, "Njoo, mume wangu." Maana kwetu ndivyo ilivyo. Bibi akimwona mjukuu wake wa kiume humwita mume wangu, humtania, humgombeza kwa wivu wa uongo, na mtoto anakua akijua kwamba kuna mahali anataniwa. Wilfredi akamtazama bibi, akamtazama mama yake. Kipimbi, lugha ya bibi yake, hakijui hata kidogo. Mama akamfasiria yale ya majani, ya mume akayaruka.

Walipoondoka, Bibi Pimbi akakaa jabalini akaona jua halina joto. Alikuwa na hamu na mtoto aliyekaa naye mchana mzima. Hamu ya mtu aliye mbali inajulikana dawa yake, unamngoja aje. Huyu alikuja, na hamu ikazidi.

"Nitajifunza Kiingereza," akasema peke yake. "Nikifa sijataniana na mjukuu wangu, nitakufa na dukuduku."

Sasa, mwalimu wa Kiingereza alikuwa mmoja tu nyika nzima, Bwana Fisi. Alikuwa amekaa sana nyuma ya jiko la kambi akingoja mabaki, na huko ndiko alikopata elimu yake. Akarudi, akafungua shule kwenye korongo kavu. Ada yake, kila neno mfupa mmoja wenye nyama. Na neno lenyewe halisemi kwa sauti, anamnong'oneza aliyelipa, sikioni, wasije wengine wakalipata bure. Wanyama walihangaika kuokota mifupa, Fisi akanenepa mpaka shingo ikapotea.

Bibi Pimbi akaenda. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mfupa uko wapi?"

"Mwalimu, mimi mla majani. Mifupa niliyo nayo ni hii ninayotembelea."

Fisi akamkagua kutoka kwenye kucha mpaka kwenye masharubu. "Hata hiyo inafaa," akasema. "Somo zima, mguu mmoja wa nyuma. Tutaanza na ulio mnene."

Bibi Pimbi akaaga kwa adabu, akatoka, chakacha chakacha, mpaka juu ya jabali lililotazamana na darasa. Pale akakaa akitazama. Akaona jambo. Ngiri alinong'onezwa neno, akalirudia, akalikosea. Fisi akaruka kama aliyemwagiwa upupu, akalisahihisha kwa sauti ya kusikika bonde zima. Aliyekuwa ananong'ona sasa anabweka. Bibi Pimbi akatikisa kichwa taratibu. Akaelewa kwamba huyu neno analiuza, lakini kosa hawezi kulivumilia.

Asubuhi yake akajisemea kwa sauti, kama mtu anayeongea na jiwe: "Mtu ukimsalimu asubuhi kwa Kiingereza, unasema gudi naiti."

"La, la, la," Fisi akaruka. "Si hivyo. Asubuhi ni gudi moningi. Gudi naiti ni ya kwenda kulala."

"Kumbe," akasema Bibi Pimbi. Akalitia shavuni, chup.

Kesho yake tena: "Jambo likiwa rahisi, Waingereza wanasema ni kipande cha mfupa."

"La, la, la. Si hivyo. Ni kipande cha keki, pisi ofu keki. Na usidanganyike, keki yenyewe haiji. Mimi niliingoja mpaka jua likachwa."

"Kumbe." Shavuni, chup.

Kesho yake tena: "Na mume wangu ni mai kuku."

"La, la, la. Si hivyo. Ni mai hazbendi. Mke wa mpishi alimwita hivyo mumewe siku za amani."

"Kumbe." Shavuni, chup. Hili akalilaza upande wa pili, peke yake, lisije likachubuka.

Lakini Ngiri, aliyefukua mifupa mpaka meno yakawa butu, akaona uchungu. Akaenda kwa Fisi akamtobolea siri. Fisi akaja, chopi, chopi, chopi, akajilaza chini ya jabali, akaziba njia ya kuteremkia.

"Maneno umekula," akasema. "Sasa naingoja ada yangu. Na mdomo nimeufunga. Hutapata kwangu hata herufi."

Bibi Pimbi akabaki juu. Majani ya jabalini yakaanza kwisha. Njaa ilimuuma, mguu wake wa nyuma aliuonea huruma, lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa hivyo. Salamu alikuwa nayo. Utani alikuwa nao. Neno la kile kilichomkaa kifuani tangu Wilfredi aondoke, hilo hakuwa nalo, na mwenye nalo amelala chini amefunga mdomo.

Akasogea ukingoni. "Mtu akiwa na hamu na mwenzake," akasema kuliambia jiwe, "Waingereza husema ai finishi yu."

Fisi akalaza masikio.

"Ai finishi yu."

Fisi akauma ulimi. Mkia ukaanza kutetemeka.

"Ai finishi yu, mpenzi wangu, ai finishi yu," Bibi Pimbi akaimba, akatia na vibwagizo.

"La, la, la," Fisi akapasuka. "Si hivyo. Hiyo ni ya sahani iliyokwisha. Ni ai misi yu." Akashusha pumzi, akakaa kitako. Mwalimu akishaanza kueleza, hana breki. "Pale nyuma ya jiko ndipo simu zinaposhika mtandao. Wageni walikuja pale kupiga kwao. Wakasema ai misi yu, ai misi yu, machozi yakawalengalenga, wakarudi mezani chakula kikawashinda. Mimi siku hizo nilikula vizuri sana. Lakini maana yake, nikwambie kweli, sikuwahi kuielewa."

"Mimi naielewa," akasema Bibi Pimbi. Neno hilo hakulitia shavuni. Alilimeza.

Kisha akakumbuka kwamba bado yuko juu ya jabali na Fisi bado yuko chini. "Niwie radhi, Mwalimu," akasema. "Watoto wa Ngiri nimeshawafundisha ile ya finishi. Wako mtoni, wanaimbiana."

Fisi akautazama mguu wa Bibi Pimbi. Akatazama upande wa mtoni. Mguu ulikuwa mnene, lakini kosa lilikuwa kubwa, na lilikuwa linaimbwa.

"Usiondoke hapo," akasema, akaenda, chopi chopi chopi, mbio.

Bibi Pimbi akateremka, pu, akashika njia ya kambini. Nyayo za pimbi ni laini, za kukwea majabali, hazikuumbwa kwa safari ya bondeni. Zilimpasuka. Akatembea nazo hivyo hivyo, akirudia maneno yake asije akayadondosha njiani.

Akamkuta Wilfredi anacheza na wenzake kando ya kibanda. Akafungua mikono. "Gudi moningi," akasema, "mai hazbendi."

Wilfredi akakimbilia nyuma ya mama yake akilalamika kwa Kiingereza kwamba kuna bibi kizee anasema yeye ni mume wake. Vijana wa kambi wakaanguka kwa kicheko, kwi kwi kwi. Sikudhani akainamisha uso.

"Mama, huku hawasemi hivyo. Wanashangaa."

"Si namtania tu."

"Najua, mama. Mimi najua."

Bibi Pimbi akapekua mashavu yote mawili. Gudi naiti ilikuwemo. Kipande cha keki kilikuwemo. Kuwaeleza watoto wale utani wa bibi na mjukuu, maneno ya hilo hakuwa nayo, na aone aibu gani nyingine baada ya ile. Akalitoa lile alilolimeza.

"Ai misi yu," akamwambia Wilfredi.

Kicheko kikakatika. Wilfredi akachungulia, akauliza kitu. Sikudhani akasita, lakini safari hii hakuruka.

"Anauliza, utakuwaje na hamu naye na hata humjui."

"Mwambie ndiyo maana inauma."

Sikudhani akafasiri. Ilimchukua muda, maana alikuwa analia, na alipomaliza hilo akaendelea na la pili, la mume, la kwa nini bibi humwita mtoto hivyo. Wilfredi akanong'onezana na mama yake. Kisha akatoka mafichoni, akaja mpaka mbele ya bibi, akasema kwa Kipimbi, "Mke wangu."

Alilisema vibaya. Alilipinda mwanzo, akalivunja katikati, mwisho akaumeza kabisa. Majabalini asingelielewa mtu. Sikudhani akafungua mdomo amrekebishe. Bibi Pimbi akamziba kwa kiganja.

"Liache," akasema. "Usiliguse kabisa."

Wakaketi wawili juani, mume na mke, na jua lilikuwa na joto lake.

Haya, na funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba mtoto akikosea neno asahihishwe palepale, bila huruma, asije akazoea. Muulizeni Fisi. Watoto wa Ngiri hawakuwa wamefundishwa lolote. Yeye ndiye aliyewatajia ile ya finishi ili awakataze, wakaipenda, na mpaka leo yuko mtoni anawasahihisha, amekonda, mifupa hana muda wa kuiokota. Huyo ndiye mwalimu wa kuigwa.

Mzigo wangu wa hadithi nimeutua. Anayetaka mwingine akauombe kwa bibi yake; na kama bibi yake yuko mbali, aondoke kesho asubuhi.