Kikapu cha Kindi na Bendera Mbili

Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya babu zenu, maana simu zilikuwepo tayari na kila mnyama alikuwa ameinamisha shingo, msituni kulikuwa na kampuni mbili za simu. Moja ya Tembo, nyingine ya Kiboko.

Kila siku ya gulio Kasuku, mtangazaji wa soko, alipanda juu ya kichuguu, penye milingoti miwili ya bendera. Wanyama wakinunua hisa za Tembo, bendera ya Tembo inapanda. Wakiziuza, inashuka. Ya Kiboko vivyo hivyo. Na neno likishatangazwa kichuguuni halirudi nyuma, hata msemaji awe na pembe ndefu namna gani.

Basi mabwana wale hawakupata usingizi kwa ajili ya bendera. Tembo akitoa simu ya kamera mbili, Kiboko anatoa ya kamera nne. Kiboko akitoa yenye kioo kipana, Tembo anatoa ya upana wa sinia! Swala alijaribu kujipiga picha nayo, akaanguka, puu! Nani alimuuliza Swala anataka nini? Hakuna.

Aliyeumia zaidi ni Kindi. Huyu alikuwa fundi simu, na kibanda chake kilikuwa ndani ya tundu la mti. Simu yako imezima? Kindi anaifungua, anapuliza, fuu, anagusa hapa na pale, inawaka. Mabwana wakaona anawaharibia biashara. Wakaanza kuzifunga simu zao kwa ulimbo, ule ule wa kunasia ndege, zisifunguke kamwe. Simu ikifa, nunua mpya!

Wateja wa Kindi wakapungua, wakapungua, hata watoto wake wakawa wanatafuna maganda. Kindi alikasirika mpaka mkia ukamsimama.

"Wananiulia wanangu kwa ajili ya vitambaa viwili," alisema. "Haya, ngoja."

Siku ya gulio akaja na kikapu kilichofunikwa kanga, akakaa nacho karibu na kichuguu.

Kriii! Kriii! Kikapu kikaita.

Kindi akaingiza kichwa chini ya kanga. "Haloo? Ndiyo, ninayo hapa. Imeanguka kutoka mtini, haikufa! Imezama mtoni, haikufa! La, haina ulimbo. Sasa kata, watu wanasikiliza."

Kweli walikuwa wanasikiliza, hasa Nyani.

"Dada Kindi, una simu gani humo?"

"Kaka Nyani, niache. Mimi sijasema kitu."

"Hajasema kitu!" Nyani akapiga kelele soko zima. "Basi mjue ni jambo kubwa! Kampuni ya tatu! Simu isiyokufa!"

Weee! Wanyama wakakimbilia kichuguuni kuuza hisa zao, ili wazipate za Kindi zikitoka. Bendera ya Tembo, shwaaa, chini. Ya Kiboko, shwaaa, chini.

Tembo akaja mbio, ardhi inalia du! du! du! "Kindi, mwanangu, watoto hawajambo?"

"Wana njaa, mzee."

"Pole. Niuzie hicho kikapu."

Kabla Kindi hajajibu, Kiboko akatokea, maji yanamchuruzika. "Usimwuzie huyo! Niuzie mimi, binti yangu!"

"Kilichomo si changu, siwezi kukiuza," Kindi akasema kwa upole. "Ila atakayeondoa ulimbo, kwenye simu mpya na kwenye zote alizokwisha kuuza, huyo nitamfunulia. Na atamke kichuguuni."

Tembo akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Tembo. Hakuna aliyemtazama Kindi.

"Kasuku! Tangaza! Naondoa ulimbo!" akanguruma Tembo.

"Mwongo, mimi nimeanza!" akabweka Kiboko. "Ulimbo wangu nauondoa leo leo!"

"Tembo anaondoa ulimbo! Kiboko anaondoa ulimbo!" akaimba Kasuku. "Limeshatangazwa!"

Kindi akavuta kanga. Chini yake palikuwa na simu kuukuu, kioo kimepasuka, imefungwa kwa mpira, kitufe kimoja hakipo.

Kiboko akatoa macho. "Hii... hii si simu yangu? Ile ya kwanza kabisa?"

"Ndiyo, bwana. Ulimuuzia Kobe. Enzi zile hukuwa unatia ulimbo, ndiyo maana nimeweza kuitengeneza."

"Na aliyekuwa anapiga ni nani?" Tembo akauliza.

Kriii! Kriii! Kindi akapokea, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Haloo, fundi," ikasema sauti ya polepole. "Ni Kobe tena, nimeazima simu ya Chura. Umeniambia ilianguka haikufa, ilizama haikufa, nimeelewa. Nauliza tu, nije kuichukua?"

Wanyama walicheka mpaka Fisi akaomba maji. Mabwana wakataka kulirudisha neno, lakini Kasuku akawageuzia mgongo. Jioni ile Tembo alikuwa anabandua ulimbo kwa mkonga na Kiboko kwa meno, huku foleni ya kwa Kindi imefika mtoni. Watoto wake walikula karanga, wakashiba, wakalala.

Nanyi mkishindana, wanangu, msiikodolee macho bendera ya mwenzenu mkamsahau mteja, msije mkatiwa hofu na simu yenu wenyewe ya zamani.