Nungunungu Aukataa Muo wa Mfalme

Kaeni, niwasimulie!

*Tumekaa, simulia!*

Masikio yenu yako wapi?

*Yako kwako!*

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima kama sisi, mwaka wa saba wa utawala wa Simba, mvua ya masika ilinyesha siku tatu ikakatika. Jua likaja juu, likauoka udongo mwekundu wa mlimani ukawa kama tofali.

Mlimani huko aliishi Bi Nungunungu na watoto wake. Ghalani mwake kilibaki kibaba kimoja cha mbegu za mahindi. Mvua ya pili ingemkuta hajapanda, watoto wangeshinda njaa mwaka mzima.

Ndipo akaja Fisi, waziri wa Simba, amebeba muo, yaani mti uliochongwa ncha wa kutobolea mashimo ya mbegu. Ulikuwa mrefu, mzito, tena umetiwa nakshi.

"Amri ya mfalme!" alisema. "Kila mmoja atapanda kwa muo kama huu. Atakayekataa, shamba lake litachukuliwa."

"Umejaribiwa wapi, Bwana Waziri?"

"Katika bustani ya mfalme, kando ya mto. Tembo ndiye aliyeujaribu. Uliingia kama kidole kwenye uji!"

"Basi Tembo na apande uji wake. Mimi napanda mlimani."

Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Hebu mtazameni! Kimo cha chungu, maneno ya mfalme!"

Nungunungu alikata tawi la mkwaju linalolingana na kimo chake, akatoboa nalo. Ncha ikawa butu. Akasema, "Haujafaa. Nijaribu tena."

Akaichoma ncha kwa moto mpaka ikakomaa. Ikatoboa vizuri, lakini mashimo yakazidi kina. Punje chache alizozifukia na kuzimwagilia hazikuchomoza. Akasema, "Haujafaa. Nijaribu tena."

Mara ya tatu akachomoa miiba mgongoni mwake, akaifunga kwa kamba kuuzunguka muo, juu kidogo ya ncha, ili uzame kiasi kisha ukwame. Miiba ilipovunjika, alichomoa mingine, akafunga upya.

Fisi akapita. "Mama we! Unajinyonyoa kama kuku wa sikukuu! Chui akija utajikinga na nini?"

"Chui akija nitajua la kufanya. Watoto wakilia njaa, sina la kufanya."

Safari hii punje zikachomoza. Akasema, "Umefaa."

Habari zikamfikia Simba. Akaupanda mlima, wanyama wote nyuma yake, kila mmoja na muo wa amri begani.

"Vunja kijiti hicho," alinguruma, "ama shamba ni langu!"

"Sikivunji, Mtukufu. Shamba lichukue. Ila lipande sasa hivi, kwa muo wako, mbele ya hawa wote."

Simba akamwashiria Fisi. Fisi akapiga mara ya kwanza, muo ukadunda. Akapiga mara ya pili, ukadunda. Mara ya tatu akauinua kwa nguvu zake zote, ukateleza, ukampiga mguuni. Akateremka mlima akichechemea, na hadi leo mwendo wake ni ule ule.

Nungunungu akashika muo wake. Chub! Chub! Chub! Punje tatu zikaingia.

Wingu jeusi likatanda. Digidigi akautupa chini muo wa mfalme. "Bi Nungunungu, nionyeshe unavyofunga."

Kanga akautupa wake. Ngiri akautupa wake. Wakakata matawi, kila mmoja kwa kimo chake, naye Nungunungu akawagawia miiba.

Simba akanguruma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyeinua kichwa. Walikuwa wanapanda, kila mmoja shambani mwake.

Ngano hii yatufunza kwamba chombo cha mkulima hupimwa katika shamba lake mwenyewe, naye ndiye wa kusema kama kinafaa au hakifai. Udongo haujui amri ya mtu.

Ngano yangu nimeifukia hapa. Aitakaye na aimwagilie.

Gharama yote aliyolipa Bi Nungunungu: miiba mia moja na kumi na tisa.