Gitaa la Kijani la Mzee Kasongwa

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya sungura kumlaghai fisi, nasema zamani hii ya juzi ambayo baadhi yetu tumeiishi na mvi zake tunazificha kwa kofia, palikuwa na mpiga gitaa la solo mjini Tabora. Jina lake Kasongwa. Bendi yake iliitwa Asali Jazz, na ilipopiga, hata sisi ambao mguu wa kulia na wa kushoto haijawahi kukubaliana jambo, tulikuwa tunanyanyuka vitini.

Kasongwa alikuwa na vitu viwili alivyouziwa na mhandisi mmoja wa reli aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Cha kwanza, gitaa la umeme, jekundu kama pilipili iliyoiva. Cha pili, amplifaya: sanduku zito lenye spika mbele, na nyuma yake taa za kioo, zile ambazo mafundi huziita vali. Ukiliwasha halisemi papo hapo. Unasubiri. Taa zinaiva taratibu kama makaa, ndipo sauti inakuja, nene, yenye joto, na ukiikaza inakwaruza kidogo, kama mtu anayecheka huku machozi yanamtoka.

Sasa sikilizeni. Kasongwa ni Mnyamwezi. Mpiga ngoma wa bendi, Chibago, ni Mgogo. Mnyamwezi na Mgogo ni watani, na mtani akikufanyia vituko hukasiriki. Ukikasirika, unayechekwa ni wewe. Siku moja Kasongwa alikwenda msibani Nzega, akaliacha gitaa kwa Chibago. Chibago mchana kazi yake ilikuwa kupaka rangi, na alikuwa na kopo la rangi ya kijani lililobaki alipopaka milango ya ghala la tumbaku. Akalipaka gitaa, mbele na nyuma. Akaziacha nyuzi, tena kwa huruma.

Kasongwa aliporudi alilitazama gitaa, akamtazama Chibago, akalivaa begani akapiga hivyo hivyo. Kulipiza, akaenda kwa Chibago akamchukua mbuzi bila kuomba, bendi nzima ikala, Chibago mwenyewe akapewa kwato. Utani ukaisha salama. Rangi ikabaki.

Miaka ikapita. Bendi ikafa, kama zilivyokufa nyingi, bila matanga. Ndipo akapita mfanyabiashara mmoja akinunua magitaa ya zamani, na alikuwa akiyajua vizuri. Akachukua la besi, akachukua la rithimu, akayapata kwa bei ya kuku, na wenyewe wakamsindikiza mpaka stesheni wakimshukuru. Kwa Kasongwa alilishika lile la kijani, akaligeuza, akacheka. Akasema hili amelichonga seremala wa hapa hapa, akalirudisha ukutani, akaenda zake.

Amplifaya nayo ilipata ajira nyingine. Mke wa Kasongwa, Bi Nyamizi, alikuwa anafuga kuku, na kipupwe cha Tabora huua vifaranga. Akagundua kwamba sanduku lile likiwashwa linatoa joto la kiasi. Akalihamishia bandani, akalizungushia wavu, akawa analiwasha kila alfajiri na kulizima jua likiwa kali. Vumbi akalifuta. Matundu ya panya akayaziba. Kasongwa alinung'unika kwamba sanduku lililochezesha watu mpaka Kigoma leo linalea vifaranga. Bi Nyamizi akamjibu kwamba yai analokula asubuhi nalo ni muziki. Kasongwa akala yai.

Lakini alipojaribu siku moja kulipiga gitaa lake, lilikuwa bubu. Akalichomeka kwenye amplifaya mpya ya kijana wa jirani, bubu. Akaligonga, akalibembeleza, bubu. Naye alikuwa amezeeka, moyo unamsumbua, daktari amemkataza hata kupanda ngazi. Basi harusini kwa binti wa Chibago alisimama mbele ya watu wote akatoa neno lake.

"Sina ninachodai tena hapa duniani ila kulisikia gitaa langu mara moja. Atakayenirudishia sauti yake, gitaa ni lake. Nimesema mbele yenu, na sirudi nyuma."

Habari zikamfikia Zuwena binti Feruzi, mwanamke wa Ujiji mwenye karakana Dar es Salaam. Kazi yake ni kukagua magitaa ya zamani na kuwaambia wenyewe ni kitu gani hasa walichonacho. Akaja. Akafika asubuhi na mapema, akapewa kiti na uji, akalipakata gitaa. Akalipima uzito kwa mikono, akalinusa. (Msicheke. Mimi nilijifunza gitaa mpaka mwenye nyumba akanirudishia kodi ili nihame, na hata siku moja sikuwahi kulinusa. Labda ndiko nilikokosea.)

Kisha akafungua skrubu. Chini ya bamba la plastiki, mahali ambapo brashi ya Chibago haikufika, mbao ilikuwa nyekundu, inang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Akaichomoa shingo, akakuta tarehe iliyoandikwa kwa penseli na mkono wa aliyeliunda. Akageuza vile vitufe vya kuongeza sauti, akasoma namba zilizogongwa migongoni mwake, zikakubaliana na ile penseli. Akazitazama sumaku zilizo chini ya nyuzi na waya zake: hakuna mkono wa fundi uliowahi kuzigusa. Waya mmoja tu ulikuwa umekatika, pale kwenye tundu la kuchomekea. Akatoa kijiti chake cha moto, akadondosha tone la risasi ya kulehemu, akaushikiza waya mahali pake.

"Mzee, amplifaya yake iko wapi?"

Wakatazamana. Chibago ndiye aliyesema kwamba ipo, ila ina watoto.

Wakaenda bandani. Zuwena akachungulia nyuma ya sanduku, vali zinawaka, vifaranga wamelala wamezizunguka. Akauliza limewashwa lini mara ya mwisho. Bi Nyamizi akasema leo, na jana, na siku zote. Zuwena akakaa chini palepale kwenye pumba. Akawaeleza kwamba masanduku haya yakiachwa kimya miaka mingi, vile vikopo vya ndani vinavyotunza umeme hukauka, unyevu ukaingia, panya wakala waya. Ukija kuyawasha, yanatoa moshi. Hili lilikuwa limepashwa moto kila siku kama mgonjwa anayefanyishwa mazoezi.

Vifaranga wakahamishwa. Gitaa likachomekwa. Kasongwa akaweka kidole kwenye uzi mmoja, akauvuta. Spika ikatema unyoya mmoja, halafu ikaimba.

Majirani waliokuwa wanatwanga wakaacha kutwanga. Kasongwa aliinamisha uso, akasema taratibu, "Ndiye. Ni yeye mwenyewe."

Zuwena akangoja mzee afute macho, ndipo akawaambia ukweli wote. Kwamba gitaa kama hili, likiwa na vitu vyake vyote vya asili, wapigaji wa Dar wangeuza viwanja walipate. Kwamba rangi ile isiguswe na mtu asiyejua, maana kukwangua ovyo ni kuimwaga thamani sakafuni. Na kwamba gitaa na sanduku visitenganishwe, sauti waliyoisikia ni ya wawili hao pamoja.

Sasa neno la harusini likasimama katikati yao. Gitaa ni la nani?

Chibago akaanza. Kwanza akashukuru. Akamshukuru Zuwena kwa mikono yake, akamshukuru shemeji yake kwa kuku, kisha akadai.

"Gitaa ni langu. Yule mfanyabiashara alilishika, akaliacha. Kilichomwachisha ni nini? Brashi yangu. Lingekuwa jekundu, leo lipo ughaibuni na ninyi mnasimuliana."

Kasongwa akamwambia, "Wewe Mgogo ulikuwa unalichezea gitaa langu. Hukuwa na nia ya kuliokoa."

"Na mbuzi wangu mlimla kwa nia gani?" akasema Chibago. "Kwa ile rangi nililipa. Mtu aliyelipia utani wake, na faida yake aipate."

Bi Nyamizi akafuata. Naye akashukuru kwanza. Akamwita Zuwena mwanangu, akamwambia Mungu amrefushie siku. Akamshukuru Chibago, ingawa alisema kijani kile hakikuwa kizuri tangu mwanzo. Kisha akadai.

"Gitaa ni langu. Hili ni la umeme. Bila sanduku, mngesikia nini? Mlio wa nzi ndani ya chupa. Ni nani aliyekuwa anaamka na baridi kuliwasha?"

Chibago akasema, "Shemeji, ulikuwa unaamkia vifaranga."

"Ndiyo, niliwaamkia vifaranga. Na aliyepashwa moto ni nani?" Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Siwema, usije ukasema mimi ni wa hapa hapa nyumbani kwa hiyo nisihesabiwe. Nimekuwa wa hapa hapa tangu bendi ilipokuwa inarudi na nguo chafu."

Kasongwa akaanza kuhesabu vifaranga, na mwenye mke anajua kwa nini.

Zuwena akawa wa mwisho. Akashukuru. Alisema ameingia nyumba nyingi, na hii ndiyo ya kwanza kukuta kila kitu kipo hai. Kisha akadai.

"Mzee, ulisema atakayerudisha sauti. Mama hapa na mzee Chibago waliitunza bila kujua kuwa ipo. Nami nawashukuru. Lakini ilikuwa bubu mpaka nilipokuja mimi."

Chibago akamtania kwamba ni tone moja tu la risasi.

"Ni tone moja kwa sababu nilijua mahali pa kuliweka na mahali pa kutogusa," akasema Zuwena. "Na tena, ningeweza kunyamaza. Ningesema ni la seremala, nikalibeba kwa bei ya jogoo, mkanisindikiza stesheni. Sikunyamaza."

 Chibago akapendekeza lipasuliwe kwa msumeno vipande vitatu, yeye achukue chenye rangi nyingi. Akatazamwa, akasema anatania.

Kasongwa akawaangalia wote watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Nilidhani nitakufa sina wa kumshukuru," akasema. "Sasa ninao watatu, na gitaa moja. Basi nitapiga wimbo mmoja. Ukiisha, nitaliweka mikononi mwa mwenyewe."

Akaanza kupiga. Bi Nyamizi akawa anaitikia. Chibago akageuza ndoo ya maji ya kuku, akawa anaichapa. Zuwena akapiga makofi. Wimbo ukafika mwisho, mzee akakirudia kiitikio. Ukafika tena, akaurudia tena. Jua likapanda, vifaranga wakalia kudai sanduku lao, mzee akaurudia tena, macho ameyafumba, maana ukiisha lazima amtaje mtu, na hajui amtaje nani.

Nimekisimulia kisa hiki Ujiji kwenye foleni ya boti, nimekisimulia Maskati kwa kinyozi, nikatoka nimenyolewa upande mmoja kwa sababu kinyozi alikuwa anabishana. Kila nilipokwenda chai yangu imepoa na jibu sijapata. Basi nawaachia ninyi, na msichelewe, vidole vya mzee vinavimba na moyo wake mnaujua. Aliyelificha kwa utani, aliyelipasha moto kwa ajili ya kuku, na aliyelijua akasema kweli.

Kiitikio ndicho hicho kinaisha. Je, mzee amnyooshee nani gitaa?